Mama wa Radio na Telefone za Shefu

Siye wote tulimuita Mama wa Radio, na miye pia hapa nitamuita vile. Jina analo, alibatizwa nayo kanisani, lakini ni yake. Musiniulize kwao ni wapi, baba yake alikuwa nani, ama lugha gani inamutoka mu kinywa akikasirikia watoto wake. Hapa Bunia tumeulizana ile maulizo kupita kiasi, na kuna nyumba ziliunguzwa juu ya majibu. Nitasema ile niliyoiona na ile niliyoisikia kwa masikio yangu, kwa miaka yote nilikuwa shofere ku kampuni ya kubeba madawa na vifaa vya hospitali. Kampuni nayo sitaitaja. Haistahili kutangazwa bure.

Kitu cha kwanza ni sauti. Mwanamuke mufupi, mwenye miwani iliyofungwa na kamba ya kiatu, lakini akiongea mu biro, ofisini kwetu, zamu, mulinzi wa mulango wa nje, anaitika. Miaka mingi ya kuongea mu radio ilimuharibu. Hakujua tena kunong'ona. Akikupa pole ya mafua, watu wa barabara ya pili wanajua umeshikwa na mafua. Siku moja pale kanisani akapewa nafasi ya kuomba mbele ya watu. Akaomba vizuri, maneno ya kuchoma moyo, mpaka mwisho, na pahali pa kusema amina akasema ile neno ya kufungia maongezi mu radio, "Kwa jina la Yesu, terminé." Kanisa zima likaanguka kwa kicheko, muchungaji mwenyewe akaficha uso nyuma ya Biblia. Yeye hakucheka. Akarudi ku benchi yake akinyoosha kikwembe, kitenge chake, na kusema, kwa ile sauti yake, "Mungu amesikia. Ni nyinyi hamujasikia."

Kazi yake ilikuwa kufuata gari zetu mu barabara. Chumba chake kilikuwa nyuma ya biro, kidogo, na dirisha moja lenye kuangalia mulango wa magari. Mule kulikuwa radio, kiti chenye muto aliuleta toka nyumbani, na ubao mweupe wa kuandikia na feutre, kalamu yenye wino wa kufutika. Siye tukitoka asubuhi na madawa, kila daraja tunaita, kila barriere, kizuizi cha barabarani, tunaita. "Mama wa Radio, niko ku daraja." Naye: "Nimekupata, papa. Endelea pole pole." Anaandika ku ubao. Munajua barabara zetu. Mutu anatoka na gari nzima, na bibi yake anabaki anaangalia njia. Mwenye kukuuliza uko wapi mu barabara ile anakupenda, hata kama anakutukana.

Na alikuwa anatukana! Siku moja nilisimama njiani kununua viazi vitamu, mvua ikanikuta, nikakaa mu gari nakula nikisikiliza mvua, nikasahau kuita. Yeye akaita, akaita, radio yangu ya gari sauti iko chini. Akatuma gari ingine inifuate. Nilipoingia ku base, pale gari zetu zinalala, nikamukuta amesimama pale mulangoni, mvua inamunyea, mikono ku kiuno.

"Weye iko na bibi?"

"Niko naye, Mama."

"Iko na watoto?"

"Mama, nisamehe, ilikuwa mvua..."

"Jibu! Iko na watoto?"

"Niko nao."

"Basi miye leo nimekaa hapa natafuta maneno ya kuwaambia. Unajua kazi ile? Kuketi unatafuta vile utamuambia mutoto?" Akanigeukia mugongo, akaingia mu chumba chake. Viazi vyangu nilimupelekea kesho yake. Akavikula vyote na hakusema aksanti.

Sasa, gari ya mwisho ikiisha kuingia, zamu akifunga mulango, Mama wa Radio anachukua kitambaa chake na kufuta ubao. Yote. Majina, madaraja, saa. Anaufuta mpaka unang'aa. Kijana mumoja wa biro, mwenye masomo ya logistike, alimuuliza kwa heshima juu ya nini haandiki ile fasi ingine, pahali pasipofutwa, ikabaki kwa kumbukumbu. Akamuangalia juu ya miwani. "Ile ilikuwa ya kujua kama wamefika. Wamefika. Sasa unataka nayo nini?" Kijana akarudi ku meza yake, na miye mpaka leo sijamupatia jibu.

Usidhani lakini alikuwa mutu wa kunyamazia mambo ya watu. Wee! Hapa base nzima hakukuwa mutu mwenye kupenda kujua kama yeye. Ukija na shati haijapigwa pasi, anakuuliza kama mumegombana na bibi. Ukila bugali kidogo, anauliza kama tumbo inauma ama ni deni. Mufagiaji wetu alipopata mimba, Mama wa Radio alimuuliza mbele yetu sote, "Ni ya kwanza ama ni ya pili?" Yule dada akacheka, akamujibu. Lakini alikuwa na sharti yake moja, na alikuwa anaisema kama sheria: "Nikitaka kujua ya mutu, namuuliza macho kwa macho. Akikataa, amekataa, na miye nabaki na njaa yangu." Na kweli, ukimuambia "Mama, hiyo hapana," anaguna kidogo, anatafuna tangawizi yake, anaanza habari ya bei ya makayabu, samaki ya chumvi.

Hata yeye aliivunja sharti ile, na alituambia mwenyewe. Binti yake mukubwa alianza kutoka jioni, na Mama akamuvizia akioga, akafungua telefone yake na kusoma. Alichokuta hakusema. Alisema tu vile binti alitoka na maji mwilini, akamukuta ameshika telefone, na hakulia wala hakupiga kelele. Alimuambia, "Mama, ungeniuliza." Mama wa Radio alitupigia hii habari akijipiga paja. "Mutoto wa kuzaa miye! Ananiambia sharti yangu! Na iko na haki!" Alikuwa na hasira ya kweli, na hasira yenyewe alikuwa anajikasirikia.

Shefu wetu haikuwa mutu mubaya, niseme ukweli hata kama unaniuma koo. Alikuja toka Butembo, mutu wa sala, suti safi, salamu kwa kila mutu mpaka zamu. Hakuna matanga ya mufanyakazi alikosa. Ukifiwa, anafika kabla ya jirani, na sukari, na muchele, na bashi ya kufunika watu jua. Tulimusifu juu ya ile. Ugonjwa wake ulikuwa moja tu: alipenda kuona. Alianza na kamera ku mulango, tukasema sawa, wezi wako. Akaweka kamera ku depo ya madawa, tukasema sawa. Halafu akaweka kamera ku jikoni, ile chumba wamama wa usafi wanabadilisha nguo. Wamama wakaona haya, wakaanza kubadilisha nguo wakichuchumaa nyuma ya pipa la maji. Mama wa Radio aliposikia, akaingia jikoni, akapanda juu ya kiti, akatundika kikwembe kibichi juu ya kamera. Shefu akamuita. Akajibu kutoka kule kule jikoni, bila kuondoka, "Nimeanika nguo, Shefu! Hapa ndipo kuna moto!" Kile kikwembe kilikauka, kikawekwa kingine, na kingine. Kamera ile ilikufa bila kuona kitu.

Basi siku moja Shefu akatuita wote, akatugawia telefone mupya, nyeusi, nzuri. Tukapiga makofi kama wajinga. Kisha akatoa sharti. Isizimwe. Isiachwe nyumbani kwako. Siku ya kazi na siku ya kupumzika, sharti ni ile ile. "Ni juu ya usalama wenu," akasema. "Mukitekwa, tutajua muko wapi." Na mu chumba cha radio wakaleta mashine yenye kioo kikubwa, na ndani ramani ya Bunia yote, mitaa ya Shari, Mudzipela, mpaka barabara za inje, na juu ya ramani vinukta, kila kimoja na jina ya mutu. Shefu mu telefone yake aliweza kuona vinukta viko wapi saa ile. Lakini njia ya jana na ya juzi, fasi mutu alipita na fasi alikaa, ile ilibaki mu mashine ya Mama wa Radio, na yeye njo alipewa code ya kuifungua.

Nilikuwa pale siku alipoonyeshwa. Akainama, akasoma majina.

"Shefu, hii nukta iko Shari ni mufagiaji wetu."

"Ndiyo, Mama."

"Si iko mu congé, anapumzika?"

"Iko mu congé, ndiyo."

"Sasa miye namuangalia juu ya nini?"

"Usalama, Mama."

"Usalama gani? Iko na bwana yake!"

Tulicheka mpaka Shefu naye akacheka. Lakini Ijumaa jioni, gari zikiisha kuingia, Mama alifuta ubao, akavua kikwembe cha juu, akafunika kioo cha mashine, akafunga mulango na kwenda kwake. Siku ya kwanza ya kazi njo alifunua. Na ikawa hivyo kila juma.

Sasa nifike ku yangu. Siku ya posho, ile wengine munaita Jumamosi, nilikuwa sina kazi. Asubuhi napanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, naenda Nyankunde, ku hospitali ya misioni. Hospitali ziko hapa Bunia pia, tena nyingi, lakini hapa ukiketi ku benchi ya daktari, jioni jirani anakuletea pole yenye haujaomba. Njo maana nilienda mbali. Nilikuwa na ugonjwa gani? Daktari anajua, miye najua, Mungu anajua. Weye unayesoma hautajua, na usininunie. Haikunizuia kuendesha, haikumuumiza mutu, na ilikuwa ya mwili wangu. Nilikuwa nimeificha hata ndugu zangu wa tumbo moja.

Jumatatu moja, tukinywa chai, Shefu akanisimamia mbele ya watu.

"Shofere, Nyankunde unafanya nini? Kila posho nakuona kule."

Nikaweka kikombe chini. "Shefu, posho ni yangu."

"Iko na kazi ingine kule? Unaendeshea watu wengine?"

"Hapana."

"Basi sema."

"Sitasema."

"Telefone ni ya kampuni," akasema, akitabasamu kama mutu mwenye kushinda.

"Telefone ni ya kampuni, Shefu. Miguu ni yangu."

Watu wakashika vikombe vyao. Shefu akaacha kutabasamu. Akaniambia nitafute jibu zuri, na kama silipati, nitatoka ku usukani. Nilirudi ku gari yangu, nikafunga mulango. Kazi ile njo ilikuwa inalipa dawa, na kuisema ile dawa njo ilikuwa bei ya kubaki na kazi. Nilikuwa na hasira, jamani. Mpaka leo nikiandika iko inarudi.

Mama wa Radio alinipita pale, akasimama ku dirisha la gari. Nilijua ataniuliza. Mutu mwenye kuuliza mimba za watu! Hakuniuliza. Akasema tu, "Posho hii, kabla ya kupanda moto, pita kwangu Shari. Na uambie wengine wote. Muniletee hivi vitoto vyenu vya mufukoni, nivilelee."

Tukapita kwake, mumoja mumoja. Alikuwa ameweka beseni la kufulia juu ya meza ya salon, limetandikwa kitambaa safi. Ukifika unaweka telefone yako mule. Muhasibu wetu, mutu mwoga kuliko sungura, akauliza kama si kuvunja sharti. Mama akamuhesabia ku vidole. "Alisema isizimwe. Hatuzimi. Alisema usiiache nyumbani kwako. Hapa ni nyumbani kwangu. Alisema ni juu ya usalama. Angalia vile ziko salama!" Yake mwenyewe ilikuwa ya kwanza, chini kabisa ya beseni. Nilienda Nyankunde siku ile na mufuko mwepesi, na upepo wa juu ya moto ukanipiga mu uso, nikaimba njia nzima. Yule motari, mwendesha moto, alifikiri nimelewa.

Tulikubaliana kuzichukua siku ya yenga, Jumapili, ibada ikiisha. Na pale njo ilitoka ile siku yenye Shari haijaisahau.

Shefu, kule kwake, posho nzima aliangalia telefone yake. Akaona vinukta vyetu vyote vimekusanyika ku nyumba moja, kwa Mama wa Radio. Jioni, bado viko. Asubuhi ya yenga, bado, vimelala pale pale. Akapiga simu kwa Mama: inaita, hakuna mutu. Akapiga kwa muhasibu: hakuna. Kwangu: hakuna. Zote zinaita mu beseni! Sasa mutu wa huku kwetu, akiona watu wote wa kazi wameingia nyumba moja, wamelala pale, na hakuna anayejibu simu, anafikiri nini? Hakuna hata kufikiri. Mama wa Radio amefiwa.

Tulikuwa ndani, tumeisha kufika kuchukua telefone zetu, Mama anatulazimisha kula kwanza. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka ku viwiko. Mara tukasikia kilio inje. Kilio cha kweli, cha wamama wa kwaya: "Mama weee! Tumepotea weee!" Tukatoka mbio. Ku mulango wa lupango, ua wa nyumba, tukakuta Shefu amevaa suti nyeusi, macho mekundu, amekamata mufuko wa sukari kifuani. Nyuma yake vijana wamebeba bashi na mabenchi ya kanisa. Kwaya iko inalia mikono ku kichwa. Na majirani, kwa kusikia kilio, wakaanza kutoka ku kila nyumba, wengine wanalia tayari, hata hawajui wanamulilia nani.

Mama wa Radio akasimama ku baraza na unga wake.

"Nani amekufa?"

Kwaya ikanyamaza. Shefu akafungua kinywa. "Mama... si kwako hapa?"

"Kwangu? Nani wa kwangu?" Na yeye akaogopa kweli, nikaona uso wake umebadilika, akaanza kuita watoto wake kwa majina, na watoto wakaitika kutoka jikoni. Wote. Akawagusa vichwa. Kisha akageuka polepole. "Shefu. Nani alikuambia nimefiwa?"

Shefu akaangalia telefone mukononi mwake. Mama akamushika mukono na unga wake, suti nyeusi ikawa nyeupe, akamuingiza mu salon, akamusimamisha mbele ya beseni. "Hawa hapa, wafanyakazi wako. Wapigie."

Masikini, akapiga. Beseni likaanza kulia. Bibi mumoja wa kwaya alikaa chini kwa kicheko, akashindwa kuinuka. Miye nilicheka mpaka machozi, lakini Mama hakucheka.

"Umeona, Shefu? Hii kitu yako imekuambia fasi. Haijui watu wako wanafanya nini mule. Imekuvalisha suti ya matanga, imeniogopesha na watoto wangu wazima. Kesho itakuambia mutu ni mwizi, na utamufukuza. Unataka kujua kama nimefiwa? Uliza!"

"Mama, umenichezea," Shefu akasema, chini chini.

"Weye njo ulichungulia. Na juu ya vile ulikuja na moyo muzuri, keti, ule."

Aliketi. Hiyo nilimupendea. Alikula sombe, majani ya muhogo, pamoja nasi, kichwa chini, na sukari akaiacha. Tulifikiri imeisha.

Haikuisha. Haya ilimukula ule usiku, naona, maana Jumatatu alikuja tofauti. Aliingia moja kwa moja mu chumba cha radio, na siye tukasimama ku mulango, mashofere, wamama wa usafi, muhasibu nyuma ya wote.

"Fungua mashine," akasema. "Nataka njia zote za huyu shofere. Posho zote."

"Haziko," Mama akasema.

"Vipi haziko?"

"Nimezifuta. Kila jioni watu wakiisha kufika nafuta ubao, na mashine nayo nafuta. Si weye ulinipa code?"

"Ni mali ya kampuni!"

"Gari ni mali ya kampuni, na hakuna gari nilipoteza. Fasi mutu anaenda siku ya kupumzika ni mali gani? Utaiuza soko gani?"

Shefu akapumua. Akajaribu upole. "Mama, basi uniambie na kinywa. Weye unajua anaenda kwa nani."

"Kwa hii kinywa hautapata kitu."

"Nitakufukuza, Mama. Niko nasema kweli."

Pale miye nilisukuma watu nikaingia. Nilikuwa nimeisha kukata shauri: niseme mbele ya wote, ugonjwa na jina yake, yaishe, mwanamuke huyu asipoteze mukate juu yangu. Nikasema, "Shefu, ngoja, miye..." Mama akanigeukia na ile sauti ya barabara. "Shofere! Gari yako iko na madawa ndani, watu wanangoja. Toka mu chumba yangu!" Nikamuangalia. Akaniangalia. Alikuwa ameelewa nataka kufanya nini, na alikuwa ananikataza. Nikatoka.

Kisha akavua miwani yake, akaifuta ku kikwembe. "Fukuza, Shefu. Lakini usiende kusema niliiba, wala nimezeeka, wala kontra ya kazi imeisha. Sema sababu. Sema kwa sauti, hawa wote wasikie."

Shefu akatuangalia pale mulangoni.

"Sema!"

"Umefukuzwa," Shefu akasema, "juu ya kukataa kutoa habari ya mwenzako."

"Aksanti," Mama akasema. Akachukua muto wake ku kiti na kwenda. Alipita katikati yetu, mufupi vile, kichwa juu, na hakuna mutu mu base ile alionekana murefu kumushinda.

Ijumaa ile, bila mukutano, bila kuambiana, kila mutu aliingia mu biro ya Shefu na kuweka telefone juu ya meza yake. Hazijazimwa. Muhasibu, yule mwoga, aliiweka ya kwanza, na miye nilitaka kumubusu mukono. Shefu aliangalia rundo lile, akaangalia siye, na alijua zaidi yetu hakuna mutu mwingine mwenye kujua zile barabara. Tangu siku ile telefone za kampuni zinalala ku kampuni. Mutu akitoka ku mulango, ametoka. Miye nilibaki ku usukani na hakuna aliyeniuliza tena ya Nyankunde. Shefu mwenyewe alimutuma mutu kwa Mama, arudi. Mama akajibu kwamba radio ya soko inasikika vizuri zaidi.

Maana alikuwa ameanza kuuza maharagi mu soko ya Mudzipela. Na pale njo nilimukuta, mwaka huu. Nilikuwa nimeisha kuacha kampuni, naendesha gari ya mufanyabiashara. Yeye amezeeka, miwani ni mupya, sauti ni ileile: nilimusikia mbele ya kumuona, anagombana na mukiliya, mununuzi wake, juu ya kipimo. Akanisalimia kwa kunitukana vile nimekonda, akauliza bibi, akauliza watoto, akauliza juu ya nini kiatu yangu imepasuka. Niliketi ku gunia pembeni yake. Na vile mukiliya alienda, nikaona ni saa.

"Mama, kuna neno iko inanikaa hapa miaka yote." Nikagusa kifua. "Ulipoteza kazi juu yangu. Nataka tuongee ya Nyankunde. Vile uliona mu mashine, haiko yote. Nikueleze..."

Akainua mukono. "Nani alikuambia miye niliona kitu mu mashine?"

"Si weye ulikuwa na code?"

"Nilikuwa nayo ya kufutia. Kusoma sikusoma, hata siku moja. Naenda kusoma posho ya mutu mukubwa na ndevu zake?"

Miaka yote ile nilifikiri alijua, akanihurumia. "Mama, haukujua kitu? Ulifukuzwa, na haukujua juu ya nini? Na kama ningekuwa mwizi?"

"Wezi wako na polisi yao. Miye nilikuwa wa radio."

"Basi nikuambie leo. Ni siye wawili tu hapa. Weye unapenda kujua, Mama, nakujua!"

Akacheka. Na niliona, Mungu wangu, niliona ku macho yake kwamba anataka. Alitaka kujua vile mutu mwenye kufunga anataka chakula. Akatafuta tangawizi mu kikwembe, akaitafuna, akaangalia watu wa soko wakipita. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Ukiniambia leo, itakuwa unanilipa. Miye sikukuuzia kitu."

Akachota maharagi, akanifungia mu mufuko, ya kupelekea bibi yangu, akakataa feza. Akaniegemea, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue, mwanamuke yule akanong'ona.

"Nakuuliza moja tu. Weye iko muzima?"

"Niko muzima, Mama."

"Basi. Enda, unanizibia soko."

Nikainuka na maharagi yangu. Sikufika hata ku barabara. Nikasimama katikati ya soko ya Mudzipela, mutu muzima na ndevu zangu, nalia mbele ya watu, wala sikuficha uso. Baba mumoja akanishika bega, akaniuliza nalia nini.

Nikamuambia, "Haikuhusu."